Mchungaji Barazani Kwangu

Kisa cha leo kilianzia makaburini.

Alifariki mzee mmoja Mkristo niliyefanya naye kazi ya habari kwa miaka mingi, mtu wa Frere Town kwa asili na fasili. Haki ya mwenzio wa kazi ni kumsindikiza, basi tulikwenda watu kama kumi kutoka Mji wa Kale, tukasimama pembeni chini ya mwembe, kofia zetu kichwani, tukasikiliza. Mchungaji aliyeongoza maziko alikuwa mtu wa makamo, sauti yake nzuri, Kiswahili chake cha shuleni kisicho na doa. Alimsifu marehemu, kisha akasema kwamba maisha yake yote yalikuwa ni neema, kwamba aliishi katika neema na amekufa katika neema.

Aliyesimama kando yangu akaninong'oneza sikioni, "Neema gani hiyo, na juzi tumemchangia kodi ya nyumba?"

Nilijikaza nisicheke mbele ya kaburi. Lakini watu walipoanza kutawanyika nilimwendea yule mchungaji, nikampa mkono wa tanzia, nikamwambia, "Bwana Mchungaji, hotuba yako ilitulia. Lakini lile neno neema, sisi wenzako chini ya mwembe tumelisikia vingine." Akauliza, vipi? Nikamweleza kwamba kwetu neema ni mvua iliyonyesha kwa wakati wake, ni chungu kisichokosa mchuzi, ni afya, ni mali ya halali. Mwaka wa neema kinyume chake ni mwaka wa njaa. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba maskini wa Mungu amekufa katika neema, atadhani hukumjua maiti.

Akatoa kidaftari mfukoni akaandika. Akaniuliza jina langu na ninakokaa. Nilidhani ni adabu tu ya makaburini, nikasahau.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi baada ya sala ya alasiri, nimeketi barazani namngoja muuza kahawa apite na dele lake, nikasikia hodi. Nilipoinua macho nikamwona yeye, shati jeusi, shingoni ile kola nyeupe ambayo hata mtoto mdogo akiiona atakwambia huyu ni padri. Kwapani alikuwa na kitabu kilichofungwa kwa kipande cha leso kuukuu.

"Karibu, Bwana Mchungaji, karibu."

"Starehe, Ustadhi. Nimekuja kusoma."

Kitabu chenyewe kilikuwa Biblia ya nyanya yake. Sikupata kuiona kabla ya siku hiyo, ingawa habari zake nilikuwa nazijua. Ni Biblia ya Kimvita, lugha yetu hii ya Mombasa, ambayo njia ni ndia na macho ni mato, iliyokamilika mwaka 1914. Karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, na pembezoni mna alama za penseli za bibi huyo aliyekwisha kufa. Mchungaji akaniambia, "Ustadhi, nimesomeshwa Kiyunani, nimeonjeshwa Kiebrania. Kimvita cha nyanya yangu ndicho kinachonishinda."

Sitaficha kwamba nilisita. Nyumba yangu iko njiani, na baraza yangu haina pazia. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Kibokoni na kurudi: Ustadhi fulani sasa afundisha mapadri. Rafiki yangu mmoja, tuliyekaa mkeka mmoja tukisoma juzuu kwa maalim mmoja, alichukua kikombe chake cha kahawa bila kusema neno, akavuka njia, akaenda kukaa baraza ya pili. Watu wa nje wataona ni jambo dogo. Sisi wa Mji wa Kale tunajua kuhama baraza ni nini.

Usiku ule nilikwenda kwa maalim wangu, ambaye amepita miaka themanini na macho yake hayaoni tena ila nuru, lakini akili yake i kamili. Nikamweleza. Akanyamaza, akachezea tasbihi yake, kisha akaniuliza, "Amekuuliza dini au amekuuliza neno?"

"Neno, maalim."

"Mpe neno. Siku atakapokuuliza dini, mpe dini. Na siku asipouliza kitu, mpe kahawa."

Kisha akanikumbusha kwamba Qurani tukufu yenyewe, katika Suratul Maida, imewataja makasisi na watawa, ikasema kwamba kwa ajili yao Manasara wako karibu zaidi na waumini kwa mapenzi, maana hao hawajivuni. Akaongeza kwamba si mimi wa kwanza. Kadhi wa Mombasa alinitangulia.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana vijana wetu wengi hawajui habari hii, na wazee wetu wengi wanaijua nusu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na CMS, chama cha wamishenari wa Kanisa la Uingereza. Alikuwa amesomea elimu ya dini Basel na Tübingen, akakaa Uhabeshi miaka kadhaa, akafukuzwa, akaja kwetu kupitia Unguja na barua ya Sayyid Said mkononi, ya kuwataka maliwali wamtendee wema. Muyaka bin Haji, malenga wetu mkuu, alikuwa amefariki miaka minne tu kabla. Julai ya mwaka ule ule mke wa Krapf, Rosine, alikufa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na kitoto chake kikamfuata. Kaburi liko upande wa bara, Nyali, na anayevuka daraja leo hapiti mbali nalo. Krapf mwenyewe homa ilimlaza, lakini tangu mwezi wa Juni alikuwa amekwisha kuanza kukigeuza kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na aliyekaa naye kumtafutia maneno alikuwa nani? Alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, mtu wa Barawa, kadhi wa Mombasa.

Huko Unguja mambo yalikuwa vivyo hivyo. Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa kuu Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, alipata msaada wa lugha kwa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, naye pia mzaliwa wa Barawa, naye pia kadhi. Walibishana dini wawili hao mchana kweupe, kila mmoja akabaki na yake, na neno likaendelea kutafutwa. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lake. Agano Jipya lote la Kiunguja likatoka mwaka 1883, Biblia nzima mwaka 1891.

Kwa hivyo mtu asishangae kuona kitabu cha Wakristo wa pwani kimejaa maneno yetu. Dhambi, toba, imani, rehema, malaika, nabii, sadaka, madhabahu, zaburi, injili, yote wameyakuta yamekwisha kaa vinywani mwa watu. Alhamisi ile ya kwanza nilimpa mchungaji wangu kidokezo akaduwaa. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulianza kuwa shemasi?" Akasema ndiyo. "Kisha ukawa kasisi? Kwa mkono wa askofu? Ndani ya kanisa, mbele ya msalaba?" Ndiyo, ndiyo. "Basi tangu mlangoni hadi madhabahuni ulikuwa ukitembea juu ya maneno yaliyopitia kwa Waarabu." Lililo la asili ya Kibantu ni mchungaji, nalo ndilo zuri kuliko yote. Na hata hilo sisi tunalo kwa maana, maana Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Padri tumeachiwa na Wareno, na katika zama zao elimu ya dini haikuwa ya kahawa na baraza. Muulize Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme aliyechukuliwa Goa, akabatizwa na kulelewa na watawa, akarudishwa kutawala Mombasa mwaka 1626 kwa jina la Dom Jerónimo. Mwaka 1631 aliwaulia Wareno ndani ya Ngome, akairudia dini ya baba zake.

Alikuwako Mjerumani mwingine, Karl Roehl, ambaye hayo maneno ya Kiarabu yalimkera. Alitaka Biblia ya Kiswahili kilichosafishwa, akayang'oa mengi kadiri alivyoweza na kupandikiza ya Kibantu. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia yake yote mwaka 1937. Kazi ile ni ya mtu mwenye elimu, sikatai. Lakini kung'oa Kiarabu katika Kiswahili ni kama kutoa nazi katika wali wa nazi baada ya kupikwa. Hata Wakristo wenzake wa pwani hawakumfuata. Tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, inayosomwa makanisani mpaka leo, iliyarudisha maneno mahali pake.

Lakini tafsiri hiyo hiyo ndiyo iliyoizika Biblia ya nyanya. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Msomaji atacheka nikimwambia kwamba waliokitetea Kimvita kwa nguvu walikuwa wamishenari wa CMS wa Mombasa. Masheikh wetu wa Mvita na mapadri wa Mvita walikuwa upande mmoja siku hiyo bila kuagana, na wote wakashindwa.

Nimetaja Frere Town. Mahali pale CMS ilipafungua mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, na kengele yake ya kutahadharisha watu ndiyo iliyopapa jina Kengeleni. Kabla ya hapo, mwaka 1864, walikuwa wamekwisha kuletwa Rabai wenzao waliosomeshwa Nasik, India. Wawili katika hao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono kuwa mashemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington. Mwaka ule ule Jones alifuatana na askofu huyo bara, askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi kwa miguu mpaka Rabai mwanzoni mwa 1886. Mimi nikifikiri uchungaji humfikiri mtu yule njiani, mtumwa wa jana, amebeba habari ya msiba na roho za watu. Watu wa namna hiyo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, maana mmoja alikuwa Myao, mwingine Mnyasa, mwingine Mmakua, na lugha za mama zao zilikuwa zimeachwa mbali. Kimvita kikawa mama yao wa kambo, na mama huyo akawalea vyema.

Pale pale Frere Town kilikuwako chuo cha kuwasomesha wachungaji, kilichoimarishwa mwaka 1903. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, kwenye baridi na majani chai, na ndicho hiki leo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mchungaji wangu alisoma huko. Alinieleza kwamba mtu hawi mchungaji kwa sauti nzuri tu. Huchunguzwa na wazee wa kanisa lake, hupelekwa chuoni, husoma Agano la Kale na Jipya, lugha zake za asili, historia ya Kanisa tangu enzi za Warumi, itikadi na mabishano yake, na huwa na fungu la elimu liitwalo uchungaji hasa: namna ya kukaa na mgonjwa, na mfiwa, na mume na mke waliokosana.

Nilimweleza nami ya kwetu. Nilianza chuo nina miaka sita, alifu kwa ujiti, nikahitimu juzuu, nikahitimu msahafu, nikaingia Safina katika fiqhi na Ajrumiya katika nahau. Waliotaka kwenda mbele walikwenda Lamu, kwa masharifu wa Riyadha. Sisi hatuna ukasisi. Hapana mtu anayewekewa mikono akawa baina ya mja na Mola wake, na anayejua kusoma zaidi ndiye atangulie mbele asalishe. Lakini tunayo ijaza, mwalimu anampa mwanafunzi idhini ya kusomesha kitabu alichokisoma kwake, naye aliipata kwa mwalimu wake, mpaka mwisho wa mnyororo. Mchungaji alilipenda sana jambo hilo la mnyororo. Aliniuliza, "Na kukaa na mgonjwa, mlifundishwa na nani?"

Nikakosa jibu la haraka. Kwa kweli hatukufundishwa kitabuni. Tulimwona maalim akinyanyuka baada ya darasa na bakora yake kwenda kumzuru mgonjwa, nasi tukamfuata nyuma tumebeba viatu vyake. Ndilo lilikuwa somo.

Hapo ndipo aliponieleza lile lililomleta, maana neema ya makaburini haikuwa peke yake. Mwaka wake wa kwanza katika kazi aliitwa usiku Kisauni kwa bi mkubwa mmoja, wa rika la nyanya yake, aliyekuwa katika sakarati. Bibi alimwomba amsomee Zaburi ya 121, ile ya mtu anayeinua macho yake kwenye milima akijiuliza msaada wake utatoka wapi. Mchungaji alifungua Biblia yake ya muungano akaanza. Bibi akamkatiza, "Si hayo, mwanangu. Yangu." Yeye hakuelewa, akadhani bibi anataka zaburi nyingine, akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Bibi akageukia ukutani. Alfajiri akafariki.

"Nilikuwa na Kiyunani kichwani, Ustadhi," akaniambia, "na maneno yake nilikuwa sinayo. Kitabu chenyewe kilikuwa kwetu sandukuni miaka yote hiyo."

Neno hilo la sanduku lilinichoma, na nitasema kwa nini.

Mimi ni mshairi. Kama kuna mtu aliyenifundisha kazi hii bila kuniona, basi ni Muyaka. Na Muyaka nilimsoma wapi? Si katika miswada ya nyumba yoyote ya Mombasa. Nilimsoma katika kitabu cha Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz kilichotoka mwaka 1979, na kabla yake kulikuwa na Diwani aliyoihariri William Hichens, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Vyote viwili vimesimama juu ya karatasi za padri mmoja, William Ernest Taylor wa CMS, aliyeishi kwetu katika miaka ya themanini na tisini ya karne ya kumi na tisa. Taylor alikaa chini na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa mji huu, mwenye kuyajua mashairi ya Muyaka na visa vyake, nao wakayaandika kabla hayajapotea. Mithali zetu aliziandika pia, akazitoa kwa kitabu mwaka 1891. Karatasi zenyewe ziko London hadi leo. Krapf naye alikuwa amekwisha kupeleka Ujerumani mswada wa utendi wa Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728, nao ukahifadhiwa Halle.

Sijidanganyi juu ya nia. Taylor hakuja Mombasa kwa mapenzi ya vina na mizani. Alikuja kutufanya Wakristo, na alijifunza tunavyosema ili tumsikie. Lakini elimu yake ilimlazimisha kitu kimoja ambacho sisi hakuna aliyetulazimisha, nacho ni kukaa chini akasikiliza kila neno, akaliandika lilivyo, akauliza maana yake kwa mwenyewe. Sisi Muyaka tulikuwa naye, tukategemea kwamba atabaki vinywani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtungaji. Hakuwa Muyaka, lakini alijulikana mitaani, na arusi haikuwa arusi bila ya beti zake. Aliacha sanduku la mkangazi limejaa karatasi kwa hati za Kiarabu, mkono wake mwenyewe. Baba aliniachia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Miaka mingi nilikuwa nikisema nitayanakili, mwezi ujao, baada ya Ramadhani, nikipata likizo. Mwaka 1997 zikaja zile mvua za El Niño. Paa la chumba cha juu lilikuwa likivuja nami nikijua linavuja. Nilipolifungua sanduku karatasi zilikuwa donge moja, wino umekuwa maji, na mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Niliokoa beti kumi na moja, na nne katika hizo hazisomeki vina vyake. Kwa babu yangu hakuja padri, na mjukuu wake, mwenye Ajrumiya kichwani na kalamu mkononi, hakupanda ngazi.

Nilimweleza mchungaji kisa hicho, nikaona amefumba macho. Hatukusema mengi Alhamisi ile.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kusoma dini ya mwingine kuna namna nyingi, na si zote za kusifu. Mwaka 1923 Canon Godfrey Dale wa Unguja alitoa Qurani nzima kwa Kiswahili, pamoja na maelezo yake ya Kikristo nyuma, na masheikh wetu hawakuridhika nayo hata kidogo. Tulingoja mpaka mwaka 1969 ndipo tukaipata ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Nasi tulikuwa na zamu yetu. Tangu miaka ya 1980, kwa kumwiga Sheikh Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, wahubiri wetu walisimama viwanjani na Biblia mikononi, wanajua sura na aya kuliko wenyewe. Nilikuwa nikienda kusikiliza, na wallahi kuna niliyemwona ana akili ya ajabu. Lakini alikuwa akiisoma Biblia kama wakili asomavyo barua ya mpinzani wake, akitafuta mahali pa kumkamata. Dale naye, kwa maoni yangu, aliisoma Qurani vivyo hivyo. Nasikia huko Limuru siku hizi wanasomesha mahusiano ya Wakristo na Waislamu kama fani kamili, na wana kituo cha kazi hiyo Eastleigh, Nairobi. Katika vyuo vyetu vya pwani sijaona kijana anayepewa ijaza ya kuijua itikadi ya Manasara kama wanavyoieleza wao wenyewe, kabla ya kuijibu.

Turudi kwenye neema, maana haijatuacha. Tumekaa nayo Alhamisi nne. Mchungaji ananiambia kwamba kwa Kiyunani ni neno linalomaanisha hisani ya Mungu kwa asiyestahili, asiyeitumikia wala kuilipia, na kwamba madhehebu nzima nzima zimegawanyika Ulaya juu ya neno hilo moja. Nikamwambia hilo kwetu tungeliita fadhila, au rehema. Nikamwambia pia kwamba Mtume wetu ametufundisha kuwa hapana mtu atakayeingia Peponi kwa amali zake tu, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Akakiandika kidaftarini, akasema, "Kumbe tuko karibu." Nikasema, tuko karibu mpaka msalabani. Kwenu hisani hiyo imepitia msalaba, kwetu hukumu na msamaha viko kwake Mola peke yake, hahitaji fidia ya mtu. Hapo njia zetu zinaachana wala sikumficha, naye hakunificha. Tukanywa kahawa.

Aliuliza kama abadili neno hilo katika hotuba zake za mazikoni. Nilimshauri asilibadili. Alitumie, lakini aseme maana yake kwanza, hasa akiona kofia chini ya mwembe.

Alhamisi iliyopita tulifika Zaburi ya 121. Alitaka kuisoma kwa sauti kama angeisoma nyanya yake, kwani wako bado mabibi wawili watatu katika kundi lake, na miaka yao haisubiri. Nikamwonyesha kwamba macho kwa Kimvita ni mato, na kwamba hiyo te si te ya Nairobi. Akasema mato. Nikasema hapana. Akarudia, mara ya tatu, mara ya nne, ulimi wake unakwenda juu kwenye ufizi, na mtoto wa jirani amesimama mlangoni anacheka kwa mikono yote miwili mdomoni. Nilikuwa karibu kumwambia tuache mpaka wiki ijayo.

Kutoka ng'ambo ya njia, kwenye baraza ya pili, sauti ikapaa, sauti niliyoijua tangu mkeka wa chuoni.

"Mwambie aguse meno! Ulimi uguse meno!"

Mchungaji akageuka. Akagusa meno. Akasema mato, na safari hii ikatoka ilivyo.

"Ndiyo hiyo," yule rafiki yangu akasema, akarudia kunywa kahawa yake bila kututazama.